Kofia ya Barabarani Haiendi Mtoni

Alhamisi moja baada ya ibada ya akina mama, tulipokuwa tukikunja mikeka, mama mmoja wa hapa kwetu Majengo alinivuta kando. "Dada nesi," aliniambia, "nina neno la kukuuliza, lakini usinicheke." Akafungua pindo la kitenge, akatoa simu yake na kunionyesha picha. Kijana wake wa kwanza alikuwa amesimama kando ya mto mpana, maji yakiwa meupe kwa povu nyuma yake. Kifuani alivaa jaketi la kuokolea maisha. Kichwani alivaa kofia ngumu ya pikipiki, ileile aliyokuwa akiivaa alipoendesha bodaboda hapa Sumbawanga.

Kijana huyo sasa yuko Jinja, nchini Uganda, mahali ambapo mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria na kuanza safari yake ndefu ya kwenda Misri. Tangu miaka ya 1990 watalii wamekuwa wakifika huko ili kushuka maporomoko ya mto kwa maboti ya mpira yaliyojazwa upepo, au kwa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Kijana wetu amepata kazi ya kubeba maboti, na saa za jioni anajifunza kayaki ili siku moja awe kiongozi wa wageni. Wageni huazimwa kofia za mtoni. Yeye anapofanya mazoezi yake lazima awe na ya kwake, na alikuwa ameomba fedha za kuinunua. Mama alipopiga hesabu, bei ilikuwa sawa na magunia matatu ya mahindi.

"Kofia anayo," mama alisema. "Nilimnunulia kwa fedha zangu mwenyewe. Kichwa si ni kilekile? Kofia mbili za nini?"

Sikumcheka. Swali lake ni zuri, na nadhani mama yeyote mwenye akiba ndogo angeuliza vivyo hivyo. Nilimwomba anipe juma moja. Nilisoma, nikauliza wanaoifahamu michezo ya majini, na nikakumbuka niliyoyaona katika miaka yangu ya wodini. Haya ndiyo niliyomjibu. Ninayaandika hapa kwa sababu watoto wetu hawakai tena Ufipa peke yake. Wengine wako Jinja, wengine wako Paje huko Zanzibar wakifundisha wageni kuteleza baharini kwa tiara kubwa, na wengine hawajaenda mbali, wanajirusha kutoka miambani katika Ziwa Tanganyika wakati wa likizo.

KICHWA KINAUMIAJE?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1 na robo tatu hivi za nusu kilo, tuseme kilo 1.4. Ni laini, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Mtu anapogonga jiwe, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea na mwendo wake, ukajipiga kwenye ukuta wa ndani. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufika hospitali bila hata mchubuko, na bado awe ameumia vibaya.

Chukua yai ulitie ndani ya kopo la bati, kisha uliangushe kopo. Kopo halitavunjika, yai litavunjika. Sasa weka sponji nene ndani ya kopo, uweke yai jingine katikati, ulifunge na kuliangusha tena. Yai lina nafasi kubwa ya kupona, kwa sababu sponji imebonyea na kulisimamisha polepole. Kofia nzuri ni hayo mawili pamoja. Gamba la nje huzuia jiwe lisichome na hutawanya nguvu ya pigo. Tabaka la ndani hubonyea na kupunguza ukali wa kusimama.

Maarifa haya hayana umri mkubwa. Mwezi wa Mei 1935, huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alianguka na pikipiki bila kofia, akafariki baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo hicho hakikumtoka moyoni. Alianza kuchunguza ajali za wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 alichapisha matokeo yake akionyesha faida ya kofia. Mwaka 1953, nchini Marekani, Herman Roth na Charles Lombard walipewa hati ya uvumbuzi wa kofia yenye tabaka la ndani la kubonyea. Kofia nyingi ngumu tunazoziona leo zinafuata wazo hilo.

FUNDI HUANZA NA SWALI

Kama wazo ni moja, mbona kofia ni nyingi? Kwa sababu fundi wa kofia haanzi na plastiki. Anaanza na swali: huyu mtu ataumizwa na nini, mara ngapi, na akiwa katika hali gani? Fundi cherehani naye hakati kitambaa kabla ya kuuliza kama ni gauni la harusi au la shambani.

Barabarani hatari kubwa ni pigo moja zito sana. Kofia nyingi za pikipiki zina ndani lile povu gumu jeupe, kama linalofungashia televisheni. Povu hilo hujitoa sadaka: likishabonyea kwa pigo zito halirudi tena. Limemaliza kazi yake.

Mtoni mambo ni mengine. Kayaki ikipinduka, mwendeshaji hubaki ameketi ndani yake, kichwa kikiwa chini ya maji na mto ukimburuta. Anaweza kugonga jiwe, kisha jiwe la pili, kisha la tatu, kabla hajajiinua. Katika maboti ya mpira, pigo mara nyingi ni kasia la mwenzako au kichwa cha jirani yako, boti linaporushwa juu na kushuka. Kwa hiyo fundi wa kofia za mtoni hutafuta sponji inayobonyea na kurudi, iweze kupokea mapigo mengi katika safari moja, na isiyonywa maji.

MAJI NAYO YANA MASHARTI YAKE

Nilimwambia mama yule afikirie ndoo. Ukiitumbukiza ndoo mtoni mdomo ukielekea juu ya mkondo, mto huishika na kutaka kukunyang'anya. Kofia kubwa ya pikipiki inayofunika uso wote hushikwa vivyo hivyo. Maji huingia kwa nguvu chini ya kidevu, nayo huvuta kichwa nyuma na kuitesa shingo. Kitambaa chake cha ndani hunywa maji, na lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kijana anayepigania pumzi hapaswi kubebeshwa mzigo huo kichwani.

Kofia ya mtoni hutengenezwa kwa kujibu matatizo hayo moja baada ya jingine:

Kwanza, iwe nyepesi na iweze kuelea. Ikimvuka mtu, ionekane juu ya maji. Ndiyo maana nyingi hupakwa rangi kali kama nyekundu au njano.

Pili, iwe na matundu ya kutoa maji. Lakini matundu yakiwa makubwa mno gamba hudhoofika, na kijiti chaweza kupenya. Fundi hutafuta ukubwa wa katikati.

Tatu, ifunike paji la uso, upande wa masikio na kisogo, kwa sababu mtu aliyepinduliwa hajui atagongwa wapi. Hata hivyo masikio yakifunikwa kabisa kijana hatasikia kiongozi akipiga kelele "Pigeni kasia!" au "Inameni!" Basi vifuniko vya masikio huachiwa nafasi ya sauti na maji kupita.

Nne, mkanda wa kidevuni ubane hata mto uvuteje, lakini ufunguke kwa mkono mmoja mtu akitaka kujinasua.

Tano, isiwe nene kupita kiasi. Sponji nene hulinda zaidi, lakini kichwa kikubwa hushikwa zaidi na maji na huipa shingo kazi.

Mnaona, wenzangu, kila faida ina gharama yake, na kazi ya fundi ni kuzipatanisha. Barani Ulaya kuna kiwango maalumu cha kofia za namna hii, kinachoandikwa EN 1385. Kofia hujaribiwa kwa kugongwa, kwa kuvutwa mkanda, na kwa kuwekwa majini kuona kama inaelea. Mtoto wako akinunua kofia ya mtoni, mwambie atafute alama hiyo ndani yake.

Lakini mwambie na jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi sana. Mito yenye kasi hupangwa kwa daraja 1 hadi 6, na kiwango hicho kimewekwa kwa ajili ya daraja 1 hadi 4. Pale Jinja, ingawa mabwawa ya umeme ya Bujagali, yaliyozinduliwa mwaka 2012, na Isimba, mwaka 2019, yamefunika sehemu ya maporomoko ya zamani, bado yapo ya daraja la 5. Kwa hiyo kofia yenye alama si ruhusa ya kuingia popote. Mwanafunzi abaki kwenye maji ya mwanafunzi.

JE, KILA MCHEZO WA MAJINI UNA KOFIA NGUMU?

Hapana, na hapa tunajifunza zaidi jinsi swali la fundi linavyobadili jibu. Uko mchezo uitwao polo ya majini. Timu mbili, kila moja na wachezaji 7, hushindana kutupia mpira golini wakiwa wanaelea kwenye maji marefu. Wanaume wameucheza kwenye Olimpiki tangu mwaka 1900, na wanawake tangu mwaka 2000 kule Sydney. Mabinti wa Afrika Kusini walishiriki katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Wachezaji hao huvaa kofia ya kitambaa inayofungwa kwa kamba chini ya kidevu, na juu ya kila sikio kuna kikombe cha plastiki chenye matundu. Kwa nini sikio? Kwa sababu kofi au mpira ukitua juu ya sikio, hewa na maji husukumwa ndani kwa ghafla na kuweza kuchana ngoma ya sikio. Kikombe hupokea pigo hilo, na matundu huruhusu maji kutoka na sauti kuingia. Kofia ngumu hapo isingefaa, maana ingewaumiza wachezaji wenzake wanaogombania mpira karibu karibu.

Lakini kikombe cha sikio hakilindi ubongo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wachezaji zaidi ya 1,500 wa Marekani, na zaidi ya thuluthi moja walisema wamewahi kupata mtikisiko wa ubongo. Tukumbuke basi: kofia hulinda kile ilichotengenezwa kukilinda. Hata iliyo bora kabisa haiwezi kuuzuia kabisa ubongo usitikisike ndani ya fuvu, haizuii shingo kuvunjika kwa mtu aliyejirusha kichwa mbele kwenye maji mafupi, na haimfanyi asiyejua kuogelea aelee. Jaketi la kuokolea maisha na mwalimu mwenye akili huja kabla ya kofia.

KUPIMA KOFIA NYUMBANI

Kofia nzuri isiyomkaa mtu ni sawa na kutokuwa nayo. Mambo haya unaweza kuyafanya kwa kofia yoyote, ya mtoni, ya baiskeli au ya bodaboda:

1. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kichwa juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio. Linganisha na namba iliyoandikwa ndani ya kofia.

2. Binti apimwe akiwa na msuko anaouvaa siku zote. Rasta nene au mafundo ya nywele huinua kofia na kuiacha ikielea juu ya kichwa.

3. Kofia ikae sawa, ifunike paji la uso. Ikirudi kisogoni kama kofia ya Jumapili, paji limebaki wazi.

4. Bila kufunga mkanda, tikisa kichwa. Ngozi ya paji iende pamoja na kofia.

5. Funga mkanda, kisha sukuma kofia kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka, haifai.

6. Kofia iliyopata pigo zito, yenye ufa, au ambayo sponji yake inabomoka, isirithishwe. Isipakwe rangi ya dukani wala kusafishwa kwa petroli, kwa sababu vitu hivyo huweza kuila plastiki. Isianikwe juani kutwa nzima.

AKIUMIA, TUFANYEJE?

Mtu aliyegonga kichwa majini achukuliwe kuwa ameumia na shingo pia. Kama anapumua, kichwa na shingo vishikwe sawa na mgongo na atolewe taratibu na watu zaidi ya mmoja. Kama hapumui, kumpatia pumzi ndilo la kwanza. Kofia isivutwe kwa nguvu.

Akishapata fahamu, msikubali maneno "niko sawa" yawapumbaze. Mpelekeni hospitali bila kuchelewa mkiona lolote kati ya haya: kutapika mara kwa mara, kichwa kuuma na kuzidi, usingizi usio wa kawaida au kuamshwa kwa shida, maneno ya kuchanganyikiwa, degedege, mboni za macho zisizolingana, udhaifu wa upande mmoja, au damu au maji meupe kutoka puani na masikioni. Sikio linalotoa maji au damu lisitiwe mafuta ya moto, majani wala dawa ya matone. Lifunikwe kwa kitambaa safi tu. Ngoma ya sikio iliyochanika mara nyingi hujiponya katika majuma machache, ikiachwa kavu.

Na asirudi mchezoni siku hiyo, hata akilia. Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona, madhara yaweza kuwa makubwa mno. Nimewahi kuketi kando ya kitanda cha kijana ambaye siku mbili zilizotangulia aliambiwa alale tu, kesho atakuwa mzima. Sipendi kukumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akikishika kiatu chake.

DAUDI ALIIVUA

Nilipomaliza kumweleza, yule mama alikaa kimya, kisha akatabasamu. "Kumbe ni kama Daudi," akasema. Alikuwa na haki. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 17, Sauli alimvika Daudi chapeo yake ya shaba. Ilikuwa chapeo ya mfalme, wala haikuwa na kasoro, ila haikuwa ya vita vya Daudi. Naye aliivua.

Magunia matatu aliyauza. Aliniambia hakuyauza kwa furaha, kwa sababu alikuwa ameyaweka kwa ajili ya bati za jikoni, na jiko hilo bado linavuja hadi leo. Picha iliyofuata ilimwonyesha kijana akiwa na kofia nyekundu, ndogo, iliyomkaa vema, maji yakimtoka matunduni.

Lakini habari haikuishia hapo. Juma lililofuata alirudi akiwa na mfuko. Mtu wa safari alikuwa ameileta ile kofia ya pikipiki kutoka Uganda, na mdogo wake kijana, ambaye sasa ndiye mwenye bodaboda, alikuwa akiisubiri kwa hamu. "Angalau hii haitapotea," mama alisema. Nikaigeuza. Ndani palinuka ukungu, na nilipobonyeza povu jeupe upande wa kulia niliona limepasuka. Hakuna aliyejua kama ni pikipiki au ni jiwe la mtoni.

Nilishindwa kumtazama usoni nilipomwambia. Alikaa kwenye benchi la kanisa na kusema, "Dada, umenigharimu kofia mbili." Kisha akaomba kisu, akaikata mikanda yake yote miwili, ili mtu mwingine asije akaiokota na kuivaa.

Mwezi huu kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimemkopesha fedha za kofia ya mdogo. Wakati wa kupitisha mkopo huo mama mmoja aliuliza kama kofia ni jambo la kukopea. Nilisimama nikasema neno moja tu, kwamba mahindi tutalima tena msimu ujao. Mikono yote ilinyooshwa.